Kuhamisha ofisi kutoka Windows kwenda Linux Mint Xfce: maswali ninayoulizwa kila mara

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo simu ninazopigiwa zinafanana: ofisi ina kompyuta kumi au ishirini, nyingi za mtumba, Windows 11 imezikataa, bosi hana bajeti ya kununua mpya, na wafanyakazi hawataki hata kulisikia neno Linux, yaani mfumo huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Majibu haya ni ya yule anayetumwa katikati yao, yaani mtu wa IT, au yule kijana ambaye ofisi nzima inamwita “fundi” kwa sababu siku moja aliifanya printa ichape.

Kompyuta zetu zinawaka vizuri. Tunahangaika ya nini?

Zitaendelea kuwaka. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Tundu likigunduliwa leo, halizibwi tena isipokuwa kwa aliyejiunga na mpango wa nyongeza, ambao kwa mashirika ulianzia dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei inakuwa maradufu kila mwaka, na baada ya miaka mitatu basi. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa zunguka ofisini usome stika. Kizazi cha 4, cha 6, kile kimoja cha masijala cha 3. Ni mashine zilizomaliza zamu yake Ulaya au Dubai, zikapanda kontena, na bado zina nguvu ya kuandika barua kwa miaka mingi.

Zipo mbinu za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyofaa. Microsoft yenyewe inasema haiahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo, kwa hiyo utakuwa umerudi pale pale.

Windows yenyewe hatujawahi kuilipia. Linux kuwa bure inatusaidia nini?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na ndilo swali la kweli. Maandishi ya Ulaya kuhusu programu huria hupenda kuanza na akiba ya leseni. Huku kwetu ukimwambia mtu Linux ni bure anakutazama tu, maana fundi wa mtaani alimpigia Windows kwa elfu kumi na maisha yakaendelea. Usianze na bei.

Anza na kero anazozijua yeye mwenyewe: mashine inayochukua muda wa kunywa chai mpaka iwake, masasisho yanayomeza bando asubuhi ya tarehe ya mwisho, flashi iliyorudi kutoka steshenari na mafolda yote yamegeuka shortcut. Na kile kiprogramu cha “kuamsha” Windows kinachomtaka fundi azime kwanza kinga ya virusi ndipo kikubali kufanya kazi, mwulize bosi anadhani kwa nini kinataka hivyo. Ofisi inayotunza mishahara na nakala za vitambulisho vya wateja haipaswi kuwa na kitu kama hicho.

Kwa nini Mint, na kwa nini Xfce?

Kwa sababu mtu aliyezoea Windows 7 au 10 akikaa mbele yake anajua pa kubofya. Paneli iko chini, menyu iko kona ya kushoto, saa iko kulia. Linux Mint, mojawapo ya aina nyingi za Linux, ilianza mwaka 2006 na hutoka katika sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce. Hii ya mwisho ndiyo nyepesi. Xfce ni mradi wa tangu 1996, na kinachonifurahisha ni kwamba haibadilishi sura kila mwaka ili kujionyesha. Mint 22 itahudumiwa hadi 2029. Kwa ofisi, kutobadilika huko ni sifa kubwa kuliko urembo.

Zipo nyingine nzuri, kama Zorin OS na Xubuntu. Ukiwa tayari unaijua mojawapo, tumia hiyo. Ila ofisi nzima iwe na moja tu.

Kompyuta ya RAM 4 GB itakuwa kama mpya?

Punguza ahadi. Wenyewe Mint wanasema 2 GB ndiyo chini kabisa na 4 GB ndiyo ya kufanya kazi kwa raha, na hilo nimeliona ni kweli mradi mtu asifungue kurasa thelathini. Eneokazi (desktop) jepesi linaacha nafasi zaidi kwenye kumbukumbu, lakini anayeimeza hasa ni kivinjari. Chrome yenye barua pepe, WhatsApp, YouTube na mifumo mitatu ya serikali itaijaza 4 GB kwenye mfumo wowote ule.

Kama una fedha ya kitu kimoja tu kwa kila mashine, nunua SSD ya 240 GB utoe ile diski ya zamani inayozunguka. Tena fanya hivyo siku ile ile ya kuhama. Ndiyo, ni ujanja kidogo: nusu ya sifa zitakazokwenda kwa Linux zitakuwa za SSD. Ila diski ya zamani nayo inabaki nzima na Windows yake ndani, imefungwa kwenye bahasha yenye jina la mtu, na hiyo ndiyo nakala bora ya dharura kuliko zote.

Niifanye ifanane na Windows kabisa, wasijue?

Ifananishe, ila usiwadanganye.

Kufananisha ni rahisi. Mwaka 2019 watu wa Kali Linux waliweka kitufe kinachoigeuza Xfce ionekane kama Windows 10, ili anayefanya kazi ya usalama kwenye mkahawa asikodolewe macho. Ofisini huhitaji kufika huko. Weka picha ile ile ya nyuma waliyokuwa nayo. Weka kwenye eneokazi ikoni nne au tano wanazobofya kila siku, kwa mpangilio ule ule, hata kama mpangilio wenyewe unakukera. Ikoni ya Writer ya LibreOffice, ile ofisi huria inayoshika nafasi ya Microsoft Office, ipe jina “Barua (Word)”, ya Calc “Mahesabu (Excel)”. Hakikisha kitufe cha Windows kwenye kibodi kinafungua menyu na kwamba Windows+L inafunga skrini. Ctrl+C, Ctrl+V, Ctrl+P na Alt+Tab ziko kama zilivyokuwa.

Kudanganya nilijaribu mara moja, kwa mzee mmoja wa masijala. Nilimwambia ni “Windows toleo jepesi”. Siku ya tatu mwanawe akamletea programu ya kufundishia kuchapa kwenye flashi, ikagoma kufunguka, kijana akamwambia baba hii siyo Windows. Kuanzia siku hiyo kila kilichoharibika kilikuwa cha kwangu. Hata umeme ulipokatika alisema “ile Linux yako imezima”. Ningemwambia ukweli asubuhi ya kwanza angenung'unika wiki moja, yakaisha.

Wanauliza Refresh iko wapi na D iko wapi. Niwajibu nini?

Cheka kimoyomoyo, halafu yachukulie kwa uzito. Kizazi kizima cha watumiaji wetu kilifundishwa kubofya kulia na kubonyeza Refresh mara tano kabla ya kuanza kazi, kama mtu anayepiga hodi. Haiongezi kasi, lakini ni namna ya mtu kuingia kazini. Usimhubirie. Mwoneshe F5 aibonyeze kwa amani.

D ni jambo zito zaidi. Kwao “D” ndipo kazi zote za miaka kumi zilipo, na C ni pale “pasipoguswa”. Linux haina herufi hizo. Ninachofanya: natengeneza folda inayoitwa D ndani ya folda kuu ya mtumiaji (Home), namwagia humo kila kitu kama kilivyokuwa, na kuikokota kwenye upande wa kushoto wa Thunar, kile kidirisha cha mafaili. Akifungua anaiona D, ndani mna “BARUA 2019”, “MAMBO YA OFISI”, “New folder (7)”. Mabega yanashuka. Usijaribu kumpangia upya mafaili yake siku hiyo hiyo, hata ukiwashwa vipi.

Kitu kimoja waambie mapema: hapa “Barua.docx” na “barua.docx” ni mafaili mawili tofauti.

Barua zangu za Word zitavurugika?

Nyingi hapana, chache ndiyo. Mistari ikihama, mkosaji wa kwanza huwa ni fonti. Tangu 2007 Word iliandika kwa Calibri bila kuulizwa, na Calibri haipo kwenye Linux. Weka Carlito, yenye herufi za upana ule ule, na Caladea badala ya Cambria. Zile za Liberation zinashika nafasi ya Arial na Times New Roman. Baada ya hapo barua ya kurasa mbili itabaki kurasa mbili.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya LibreOffice uifanye ihifadhi kwa .docx na .xlsx bila mtu kuchagua, la sivyo wiki ya kwanza mteja atapokea .odt, faili la LibreOffice yenyewe, na kupiga simu kuuliza hiki ni nini. Kwenye menyu ya View, chini ya User Interface, chagua Tabbed: vitufe vinakaa juu kwa mafungu kama Word ya siku hizi. Kinachokwenda nje kikiwa kimekamilika kiende kama PDF.

Yanayosumbua ni haya: barua yenye nembo na visanduku vya maandishi vilivyopandana, michoro ya SmartArt, na mkataba unaorudishwa na kusahihishwa mara nane kati yako na wakili anayetumia Word. Kwa huo mkataba jaribu OnlyOffice, programu nyingine ya ofisi, au acha kompyuta moja yenye Word halali. Mafaili ya Publisher, yaani zile kadi za mchango wa harusi ambazo kila katibu muhtasi anazo, Draw ya LibreOffice huyafungua, ila tarajia kusogeza picha kwa mkono. Hifadhidata za Access usiziguse kabla hujajua nani anazitumia.

Na mhasibu?

Mhasibu mwache.

Sitanii. Tally na QuickBooks ya kwenye kompyuta hazina toleo la Linux. Zipo njia za kuziendesha kwa kuzunguka, kwa Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, au kwa Windows iliyowekwa ndani ya mashine bandia, na zote zinafanya kazi mpaka siku ya kufunga mwaka. Hali ni hiyo hiyo kwa mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, inayotegemea programu yake ya Windows. Mnunulie mhasibu kompyuta moja yenye Windows 11 ya halali, uhesabu hiyo kuwa gharama ya mradi. Ofisi yenye mashine kumi na tisa za Mint na moja ya Windows imehama.

Wengine wenye majedwali ya Excel wajaribiwe mmoja mmoja. VLOOKUP na pivot zinakwenda. Makro zinakwenda baadhi tu. Wasomaji wa Kenya mnaojaza marejesho ya iTax kwenye jedwali lenye makro, lijaribuni mwezi Machi, si usiku wa tarehe 30 Juni. Mifumo inayofunguka kwenye kivinjari haina tatizo la kipekee.

Printa je?

Hapa ndipo miradi inapofia. Mtu atavumilia menyu ngeni, atavumilia ikoni ngeni, lakini barua isipotoka na bosi amesimama mlangoni, umekwisha.

Kabla hujagusa kompyuta hata moja, andika modeli ya kila printa na skana, kisha washa kompyuta kwa Mint iliyo kwenye flashi, bila kuiweka kwenye diski, na uchape. Ukurasa wa majaribio hautoshi. Chapa barua yenye nembo, chapa bahasha, chapa pande mbili, skani. Printa nyingi za mtandao siku hizi hujitambulisha zenyewe, na za HP zina programu yake inayoitwa HPLIP. Zinazotesa ni zile leza ndogo za bei rahisi ambazo akili yake yote iko kwenye dreva ya Windows. Ukikutana na moja, usipoteze siku mbili kuibembeleza: ichomeke kwenye ile mashine ya mhasibu na uishiriki kwenye mtandao, au ibadilishe.

Nianze na nani?

Kila mtu husema anza na vijana. Mimi nasema anza na mtu ambaye wengine humwuliza. Mara nyingi ni katibu muhtasi mwenye miaka kumi na tano pale, anayejua barua ya 2014 ilikokaa. Mkae pamoja, mwulize ni vitu gani vitano anavifanya kila siku, na usiondoke mpaka avifanye vyote vitano mwenyewe huku mikono yako ikiwa mfukoni. Wenzake watamwuliza yeye kabla ya kukuuliza wewe, na yeye hatapenda kuonekana hajui. Kijana mjuaji ukimtanguliza, wakubwa wataona aibu kumwuliza, na aibu hiyo itajitokeza kama “huu mfumo mbovu”.

Wa pili awe bosi. Akibaki na Windows yake ofisini kwake, wote wameelewa ujumbe.

Wa kwanza kabisa, lakini, si mtu. Ni programu. Weka LibreOffice, Firefox na Thunderbird (ya barua pepe) ndani ya Windows ile ile na uache miezi miwili watu wazoee. Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walikwenda hivyo: OpenOffice mwaka 2005, Firefox na Thunderbird mwaka uliofuata, na Linux yenyewe, aina ya Ubuntu, kuanzia 2008. Wakaishia na makumi ya maelfu ya kompyuta na wapo huko mpaka leo. Siku mfumo unapobadilika, anayekaa kwenye kiti anaziona zile zile za jana.

Tuweke mifumo miwili kwenye kompyuta moja, mtu achague?

Atachagua Windows kila asubuhi. Hapana.

Munich si walirudi Windows?

Swali hili huletwa na yule aliyesoma. Ndiyo: jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, Steve Ballmer mwenyewe, mkuu wa Microsoft wakati huo, akaenda kumwona meya, jiji halikubadilika, na kufikia 2013 kompyuta kama 15,000 zilikuwa zimehama. Mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi. Ila soma kwa makini kilichowaumiza: idara za IT zilizogawanyika, nyaraka zilizokwenda na kurudi kati yao na ofisi zilizobaki na Word, na viongozi wapya wasioutaka mradi. Huko huko Ujerumani, jimbo la Schleswig-Holstein mwaka 2024 lilitangaza kuhamisha kompyuta 30,000. Kwa ofisi yako yenye mashine ishirini, la kuchukua Munich ni lile la viongozi. Meneja akibadilishwa, kaa naye wiki ya kwanza.

Virusi vya flashi vitakoma?

Vile vya kugeuza folda kuwa shortcut, kwenye mashine yako vitakoma. Kirusi kile hakifuti mafaili. Kinayawekea alama ya kufichwa, kisha kinaweka njia za mkato ambazo ukizibofya unakiamsha. Linux haiijali alama ile, kwa hiyo folda halisi inaonekana wazi, na njia ya mkato ni faili tu lisilo na kazi. Futa, mrudishie mwenyewe flashi yake. Katika ofisi moja ya ghorofani, dada wa mapokezi aliyekuwa mpinzani mkubwa kuliko wote aligeuka hospitali ya flashi ya jengo zima. Sikumfundisha, aligundua mwenyewe, na kazi yangu pale ikawa rahisi kuanzia siku hiyo.

Lakini usiisambaze kauli kwamba “Linux haina virusi”. Barua ya kitapeli inayoomba nywila haijali mfumo, na faili lenye kirusi bado unaweza kumtumia mteja mwenye Windows.

Masasisho hayatamaliza bando?

Nayo yanakula data, ila wewe ndiye unayeamua lini. Meneja wa masasisho wa Mint husubiri umwambie. Kwa mashine zaidi ya tano weka apt-cacher-ng kwenye moja wapo: sasisho hupakuliwa mara moja kutoka intaneti, na nyingine zote huchukua hapo kwa waya wa ndani. Ni kazi ya nusu saa.

Zoom, Teams, WhatsApp?

Zoom ina toleo la Linux. Teams tangu mwisho wa 2022 hutumika kupitia kivinjari. WhatsApp vivyo hivyo. Jaribuni maikrofoni kabla ya kikao, kama ambavyo mngepaswa kufanya hata kwenye Windows.

Inapatikana kwa Kiswahili?

Kazi hiyo ina historia nyumbani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Pamoja na hayo, menyu za Kiswahili sizilazimishi. Waliojifunza “Save” na “Print” kwa mkono hukwama wakikuta maneno mengine, hata kama ni lugha ya mama zao.

Ninacholazimisha ni kamusi ya tahajia. LibreOffice inayo ya Kiswahili. Chagua Kiswahili kama lugha ya hati, na ile mistari myekundu chini ya kila neno la barua inatoweka, ikabaki palipokosewa kweli.

Nikiacha kazi, nani atazitunza?

Ulizeni hili kabla ya kuanza. Wawili wajue, si mmoja. Timeshift, programu ya Mint ya kuhifadhi hali ya mfumo, iwashwe kwenye kila mashine, ili sasisho likiharibu kitu urudi jana kwa dakika chache. Ila kumbuka inarudisha mfumo, siyo nyaraka, kwa hiyo D zote ziwe na nakala kwenye diski ya nje inayolala mahali pengine. Na liwepo daftari la karatasi kwenye droo inayofungwa, lenye nywila za msimamizi, modeli za printa na jinsi kila moja ilivyokubali, jina la mashine yenye apt-cacher-ng, na orodha ya zile bahasha zenye diski za zamani. Bahasha zikae mwaka mmoja. Hadi sasa nimeombwa mbili tu, na moja ilikuwa kwa ajili ya picha za ubatizo.